Njia Ipi Ipewe Mwendokasi Kampala? Namna ya Kuzipima Kabla ya Kikao

Ukiitwa kwenye kikao cha mradi wa mabasi ya mwendokasi, utakuta ramani ukutani yenye mistari mitatu au minne ya rangi, na mtaalamu atauliza: "Wananchi, mnaonaje?" Wengi hujibu kwa kuangalia kama mstari umepita mbele ya duka lao au umeliacha. Mwongozo huu ni wa anayetaka kujibu kwa hesabu: mjumbe wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), kiongozi wa steji (kituo cha taksi, yaani mabasi madogo ya abiria 14), mchuuzi wa Nakawa, mwanafunzi wa mipango miji, au abiria aliyechoka kulala kwenye jamu. Utahitaji daftari, simu yenye ramani, tepu ya kupimia ya mita 50 na wenzako wanne au watano wasioogopa kuamka mapema.

Msimamo wangu nautaja mapema ili uusome mwongozo ukiujua. Katika kuchagua njia, kishawishi kikubwa ni kuipa basi barabara iliyo rahisi kujenga, na kuiacha barabara yenye watu. Hatua nyingi hapa chini ni za kukukinga na kishawishi hicho.

Mazungumzo ya mwendokasi wa Kampala si mapya. Tafiti zilianza kufanyika karibu mwaka 2010, na mistari imechorwa na kuchorwa tena. Kwa hiyo ramani utakayoonyeshwa ina historia, na baadhi ya mistari imo kwa sababu tu ilikuwamo kwenye ramani ya zamani.

Kwanza, jua unachopima

Basi jipya peke yake si mwendokasi. Mwendokasi una njia yake katikati ya barabara, nauli hulipwa kabla ya kupanda, sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi, na kwenye makutano basi hupewa kipaumbele. Dar es Salaam walianza hivyo Mei 2016 kwa awamu ya kwanza ya takriban kilomita 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Ukipata nafasi ya kwenda kule, panda asubuhi kutoka Kimara uone foleni ya magari ikibaki pembeni.

Sisi Kampala tumeonja upande wa pili. Mwaka 2012 yaliingia mabasi makubwa ya rangi ya machungwa ya Pioneer Easy Bus. Yalikuwa mabasi mazuri, lakini yalitumia lami ile ile na taksi na boda. Penye jamu, yalisimama kama wengine. Basi ukisikia mtu anasema "tutaanza bila njia maalum, itakuja baadaye", muulize ni wapi hasa haitakuwapo. Akisema ni sehemu yenye msongamano, anachokuelezea ni basi la kawaida lenye rangi mpya.

Hatua ya 1: Kubalianeni vigezo kabla ya kuona mistari

Hii hufanywa mwisho na wengi, na ndiyo maana matokeo hupindishwa. Kaeni chini, mwandike mambo mtakayoyapima na uzito wa kila moja, jumla iwe 100. Sisi tungependekeza matano: abiria watakaohudumiwa, muda utakaookolewa, nafasi iliyopo barabarani, watu watakaohamishwa na fidia yao, na hatari ya mafuriko. Gharama ya ujenzi iwekwe kando kwa sasa. Ukiichanganya mapema inameza mengine yote.

Andikeni uzito, mtie sahihi na tarehe. Mtu akishaona mstari wa bluu umepita kwake, uaminifu wake kwa kigezo cha fidia hubadilika ghafla.

Hatua ya 2: Chora njia zote, hata zisizopendwa

Kampala imekaa juu ya vilima, na katikati ya vilima kuna mabonde yenye maji. Barabara kubwa zimetoka pembezoni zikamiminika mjini hadi Old Taxi Park na New Taxi Park. Kwa hiyo njia zinazofikiriwa si nyingi: Jinja Road kutoka Bweyogerere na Kireka kupitia Nakawa, Bombo Road kutoka Kawempe kupitia Bwaise na Wandegeya, Entebbe Road kutoka Zana kupitia Najjanankumbi na Kibuye, Masaka Road kutoka Kyengera na Busega kupitia Natete. Ongeza Northern Bypass, barabara inayozunguka mji upande wa kaskazini, maana lazima mtu ataitaja. Ongeza pia chaguo la kutojenga mwendokasi kabisa: kutenga njia ya basi iliyochorwa rangi na kurekebisha makutano mabaya. Chaguo hili lazima liwepo mezani, la sivyo hutajua mwendokasi unaongeza nini.

Kisha fanya mambo mawili. La kwanza, gawa kila njia vipande: Bweyogerere hadi Kireka, Kireka hadi Nakawa, Nakawa hadi taa za Jinja Road, na kuendelea. Njia moja inaweza kuwa nzuri kilomita nane na mbovu kilomita moja, na hiyo moja ndiyo itakayoamua. La pili, unganisha njia mbili mbili kupitia katikati ya mji. Basi linalotoka Kireka, likapita mjini bila kugeuza, likaendelea Wandegeya na Bwaise, lina faida kuliko mabasi mawili yanayokutana na kuishia mjini. Halihitaji stendi kubwa katikati ya mji, ambako ardhi ni ghali kuliko popote, na abiria wa Kireka anayekwenda Mulago au Makerere hashuki njiani.

Angalia mipaka pia. Kwa sensa ya 2024, Kampala yenyewe ina watu takriban milioni 1.8, lakini Wakiso inayoizunguka ina zaidi ya milioni 3.4. Mchana hao wa Wakiso wako wapi? Wengi wako mjini kazini, shuleni na sokoni. Kireka, Bweyogerere, Zana na Kyengera zote ziko Wakiso, nje ya eneo la KCCA, yaani Mamlaka ya Jiji la Kampala. Mstari unaokatika mpakani mwa KCCA umechorwa kwa kufuata ofisi, haukufuata watu. Uliza nani atatia sahihi upande wa pili wa mpaka. Barabara kuu zilizokuwa chini ya UNRA, iliyokuwa mamlaka ya barabara za taifa, sasa ziko moja kwa moja chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, kwa hiyo swali lipeleke huko.

Hatua ya 3: Hesabu watu, usihesabu magari

Hapa ndipo utumie nguvu zako nyingi.

Chagua sehemu moja kwenye kila njia, ile yenye msongamano mkubwa. Nenda siku ya kazi, shule zikiwa zimefunguliwa, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi. Epuka Jumatatu, epuka Ijumaa, epuka wiki ya sikukuu. Simameni mahali salama, kila mtu na chombo chake: mmoja ahesabu taksi, mwingine mabasi na kosta, mwingine boda zenye abiria, mwingine magari binafsi. Hesabuni dakika 15 kwa upande unaoelekea mjini, pumzikeni, rudieni.

Taksi ina leseni ya abiria 14, lakini usiandike 14 kila mara. Chungulia. Asubuhi kuelekea mjini nyingi zimejaa. Mchana nusu ziko tupu, konda akipiga kelele mlangoni. Kwa mfano tu, si hesabu ya barabara yoyote halisi: ukipata taksi 110 zenye wastani wa watu 12, hao ni 1,320. Kosta 6 zenye watu 25 ni 150. Boda 180 zenye abiria mmoja mmoja ni 180. Jumla 1,650 kwa robo saa. Zidisha kwa nne upate 6,600 kwa saa kwa upande mmoja. Magari binafsi yaandike pembeni. Wachache wenye magari watahamia kwenye basi, lakini usijenge hoja yako juu yao.

Namba hiyo ulinganishe na uwezo wa basi. Basi refu la mita 18, lile lenye kiungo katikati, hubeba takriban watu 150. Likipita moja kila dakika, ni watu 9,000 kwa saa. Tuseme nusu ya wale 6,600 wakahamia: 3,300 kwa saa, yaani mabasi 22, moja kila baada ya dakika tatu hivi. Hapo mwendokasi una kazi. Lakini ukipata jumla ya 1,500, kwa maoni yangu njia hiyo inahitaji mabasi ya kawaida yenye kipaumbele kwenye makutano, na fedha zilizobaki zijenge njia za waenda kwa miguu. Usitishwe na mfano wa Bogotá, Kolombia, unaopitisha zaidi ya watu 40,000 kwa saa upande mmoja; kule vituo vikubwa vina njia mbili za basi kila upande ili basi moja lilipite jingine lililosimama. Barabara zetu nyingi hazina upana huo, na wala hatuhitaji kufika huko.

Kuhesabu peke yake hakutoshi, kwa sababu taksi haikuambii abiria anakwenda wapi. Nenda steji, uliza maswali matatu tu: umetoka wapi, unakwenda wapi, utabadilisha gari wapi? Swali la tatu ndilo lenye dhahabu. Utashangaa ni wangapi wanaofika Old Taxi Park ili tu watembee hadi New Taxi Park wakatafute gari la upande mwingine. Hao hawana haja ya kufika katikati ya mji. Wanapitishwa huko kwa kuwa hakuna njia nyingine. Ndio wateja wakubwa wa mstari unaopita mji bila kukatika. Luganda itakutosha sehemu nyingi. Ukiwa kwenye mabasi ya kwenda Kenya, Rwanda na Kongo, anza na Kiswahili, utajibiwa haraka zaidi.

Msisahau wanaotembea. Asubuhi kandokando ya barabara hizi kuna watu wanaokwenda kazini kwa miguu, na wengi wao hawatembei kwa kupenda. Nauli ikiwa ya chini watapanda. Ikiwa ya juu watabaki wanatembea kando ya mradi wa mabilioni. Na mama mwenye gunia la viazi anayetoka soko la Nakawa, au mwenye furushi la nguo kutoka soko la Owino, muulize: ukikatazwa kuingia na mzigo huu kwenye basi, utafanyaje? Jibu lake liandike lilivyo.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii ni Northern Bypass. Ni barabara ya takriban kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, ina nafasi, na ukiiangalia kwenye ramani inavutia sana. Lakini nenda ukasimame katikati yake, mbali na makutano, uhesabu watu wanaosubiri gari. Abiria wake wako pale inapokutana na Bombo Road, Hoima Road, Gayaza Road, na safari zao nyingi zinaelekea mjini, si kuzunguka mji. Barabara kuu ya kulipia ya Entebbe (Expressway) ni hivyo hivyo: tangu ifunguliwe 2018 ni raha kwa mwenye gari, ambaye sasa huilipia ushuru, ila hakuna anayesimama kando yake akisubiri basi. Siku moja njia ya kuzunguka mji itahitajika, mistari ya kuingia mjini ikishakuwapo na kuilisha. Isiwe ya kwanza.

Hatua ya 4: Pima upana mahali pembamba kabisa

Usipime mahali pazuri. Tafuta penye kubana.

Hesabu ya upana ni hii. Njia mbili za basi, mita 3.5 kila moja, ni mita 7. Kituo cha katikati, mita 4. Njia mbili za magari mengine kila upande, mita 3.25 kila moja, jumla 13. Njia za waenda kwa miguu, mita 2.5 kila upande, ni 5. Hapo ni mita 29, kabla ya kingo za kutenga basi na mitaro ya maji. Weka 31 au 32 penye kituo. Pasipo kituo unapunguza kama mita 4.

Sasa vuta tepu kutoka ukuta hadi ukuta. Ukipata mita 20, una chaguo chache na zote zina maumivu: kuwanyima magari binafsi njia moja kila upande, kupeleka basi la kwenda barabara hii na la kurudi barabara ya jirani, kubomoa, kujenga juu, au kuliacha basi lichanganyike na magari. Chaguo la mwisho likiwa kwenye kipande chenye jamu, rudi juu usome tena habari za 2012.

Penye madaraja ya juu, kama pale Clock Tower, pima pia nafasi kati ya nguzo. Nguzo moja iliyosimama katikati ya barabara inaweza kukuondolea kituo kizima.

Upana wa ukuta hadi ukuta si upana wa hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa rasmi kwa ajili ya barabara. Kuna sehemu hifadhi ni pana lakini imejaa vibanda, na kuna sehemu ukuta umejengwa ndani ya hifadhi tangu zamani. Omba mipaka rasmi KCCA au ofisi ya ardhi ya wilaya, uandike namba zote mbili.

Na tafadhali, usitoke na tepu peke yako. Watu wamewahi kuona alama nyekundu ya X ikipakwa ukutani mwao asubuhi moja bila maelezo. Wakikuona unapima mbele ya duka, hawatasubiri ujieleze. Mpitie mwenyekiti wa LC1 kwanza, aambatane nawe au akupe mtu. Utapata na soda.

Hatua ya 5: Tafuta muda unapotelea wapi

Chukua taksi asubuhi, washa saa ya simu, andika dakika gari linapotembea na dakika linaposimama, na limesimama wapi. Utakuta muda mwingi hauliwi na barabara bali na makutano: taa za Jinja Road, Wandegeya, Nakawa, Kibuye. Ukipoteza sekunde 90 kwenye makutano kumi, tayari ni robo saa.

Safari ya kilomita 12 kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa ni dakika 60. Kwa kilomita 22 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mwendokasi uliojengwa vizuri, ni dakika 33 hivi. Lakini usiishie hapo. Ongeza dakika za kutembea hadi kituoni, kusubiri, na kubadilisha. Vituo vikiachana mita 450 hadi 800, wengi watafika kwa miguu. Vikiachana kilomita moja na nusu, basi linakimbia vizuri lakini abiria amepanda boda kulifikia, amelipa mara mbili, na faida yake imeishia kwa boda.

Uganda tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo gari linalokata kulia linavuka njia ya basi iliyo katikati. Kila kona ya kulia itakayoachwa wazi ni mahali basi litasimama. Hesabu kona za kulia kwenye kila kipande, uulize ni ngapi zitafungwa na magari hayo yatageukia wapi. Polisi wa usalama barabarani wa eneo hilo wanajua jibu kuliko kompyuta. Ndio wanaozima taa na kuongoza kwa mkono asubuhi. Wakiendelea kufanya hivyo bila kulijali basi, kipaumbele cha taa kitakuwa cha kwenye karatasi.

Hatua ya 6: Rudi mvua ikinyesha

Mvua kubwa zetu ni za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Bwaise inajulikana kwa mafuriko, na mfereji wa Nakivubo hufurika katikati ya mji. Omba wenye maduka wakuonyeshe alama ya maji ukutani, upime kimo chake. Picha ya simu yenye tarehe ina nguvu kuliko hadithi kumi.

Uliza hasa karakana ya mabasi itakaa wapi. Karakana inataka eneo kubwa tambarare karibu na mwisho wa njia, na Kampala eneo la namna hiyo lililobaki na bei ndogo mara nyingi ni kinamasi. Dar es Salaam waliiweka Jangwani, bondeni mwa mto Msimbazi, na maji yakaifuata humo. Karakana ikifurika, njia nzima inalala hata kama barabara yenyewe ni kavu. Eneo la kinamasi lina masharti ya NEMA (mamlaka ya mazingira) pia, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2019, na halipaswi kuingia kwenye ramani kama kiwanja kitupu.

Hatua ya 7: Ardhi, vibanda na taksi

Katiba ya 1995, ibara ya 26, inataka fidia ya haki ilipwe haraka na kabla mali haijachukuliwa. Kwa hiyo kila jengo kwenye mstari ni fedha, na pia ni miezi. Tembea kipande kwa kipande uhesabu, lakini tenganisha makundi: mwenye hati ya mailo (umiliki wa ardhi wa kudumu), mwenye kibanja juu ya mailo hiyo (mkaaji mwenye haki juu ya ardhi ya mwingine), mpangaji wa duka, mwenye meza au kibanda. Kiwanja kimoja kinaweza kuwa na watu wanne wenye haki tofauti, na ripoti inayosema "jengo moja" imewaficha watatu. Barabara yenye majengo machache makubwa yenye hati safi inaweza kumalizika haraka kuliko yenye vibanja vingi vidogo, hata kama thamani ya jumla ni kubwa zaidi. Sisemi hilo ni haki. Ndivyo kazi ya uthamini inavyokwenda.

Taksi na boda ni kundi linalosahaulika hadi siku ya mgomo. Dar, daladala ziliondolewa kwenye barabara ya mwendokasi zikapelekwa njia nyingine. Hapa, kwa kila njia, orodhesha steji zilizopo na uulize kila moja itageuka kuwa nini: itafungwa, itahamia barabara za ndani kulisha vituo, au wenye magari watapewa hisa kwenye kampuni ya mabasi? Njia ambayo steji zake zina kazi ya kulisha vituo ina nafasi ya kufanikiwa. Njia inayotegemea taksi zitoweke zenyewe, mimi ningeipunguzia alama.

Upande wa Jinja Road kuna swali la ziada. Treni ya abiria ya Namanve ilianza Desemba 2015, ikipita Nakawa na Kireka. Mwendokasi utashindana nayo au utagawana nayo abiria? Treni na mwendokasi viko chini ya serikali moja, jibu lisikosekane.

Hatua ya 8: Gharama

Hapa uwe mfupi. Utapewa gharama kwa kilomita. Uliza kama ndani yake kuna fidia, mabasi, karakana, mfumo wa tiketi, na kuhamisha mabomba ya maji na nguzo za umeme. Kisha uliza nani atalipa nauli isipotosha kuendesha mabasi. Usikubali kulinganisha njia moja iliyohesabiwa na fidia na nyingine iliyohesabiwa bila fidia.

Hatua ya 9: Weka vizuizi, halafu alama

Kabla ya alama, weka vizuizi viwili au vitatu vya lazima. Changu cha kwanza: njia isiyoweza kulipatia basi nafasi yake kwenye kipande chenye jamu kuu inatoka mezani, haijalishi imepata alama ngapi kwingine. Mfumo wa alama una udhaifu huu: unaruhusu njia iliyokufa mahali pamoja kufufuliwa na mambo madogo madogo mazuri.

Zilizobaki zipe alama 1 hadi 5 kwa kila kigezo, zidisha kwa uzito, jumlisha. Mfano wa kubuni: Njia A ni barabara kongwe yenye maduka, abiria 5, muda 4, nafasi 3, fidia 3, mafuriko 4. Njia B ni barabara pana pembezoni, abiria 2, muda 2, nafasi 5, fidia 5, mafuriko 2. Uzito ukiwa abiria 35, muda 20, nafasi 20, fidia 15, mafuriko 10, Njia A inapata 400 na B inapata 305.

Sasa mtu abadilishe uzito kimyakimya: abiria 15, muda 10, nafasi 30, fidia 35, mafuriko 10. Njia A inashuka hadi 350, na B inapanda hadi 395. Alama za barabara hazikuguswa hata moja. Ndiyo maana niliwaambia mtie sahihi uzito mapema. Na ndiyo maana mkikabidhiwa jedwali lililokwisha jazwa, msianze na alama. Anzeni na safu ya uzito, muulize nani aliupanga na lini.

Jaribuni wenyewe pia. Ongezeni uzito wa kigezo kimoja kwa 5, punguzeni kingine, muone kama mshindi anabaki. Akibaki, mna jibu. Akianguka kwa mabadiliko madogo hivyo, njia zenu mbili ziko sawa, na uamuzi uhamie kwenye jambo jingine: ipi inaweza kuanza mapema, au ipi ikianza itafungua ya pili.

Hatua ya 10: Peleka karatasi moja

Usipeleke ripoti ya kurasa 40. Ukurasa mmoja: ramani yenye vipande, hesabu ya abiria pamoja na tarehe na saa, upana wa mahali pembamba kwa kila njia, picha moja ya mafuriko, na jedwali la alama lenye uzito wake. Nyuma ya ukurasa andika maswali matatu ambayo hamkupata majibu. Toeni nakala nne: ya mwenyekiti wa LC1, ya diwani, ya mtaalamu wa mradi, na moja yenu yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, karatasi hiyo haikufika.

Mtaalamu akikataa namba zenu, msibishane. Mwombeni zake za mahali pale pale, saa ile ile. Mara nyingi atakuwa na vifaa bora na siku nyingi zaidi za kuhesabu, na pengine mtakubali zake. Ila zikiwa ni za mwaka wa nyuma sana, kabla ya Northern Bypass kupanuliwa au kabla ya mitaa mipya ya Wakiso kujaa, mwambieni hivyo kwa heshima na aandike kwenye kumbukumbu za kikao. Mchoro ukibadilishwa baada ya hapo, na utabadilishwa, rudini na tepu mahali pembamba palipoongezwa.